MAISHA YA ROBERT WANGILA, BINGWA WA NGUMI (1967–1994)



Katika namba hii tumechagua kuwaeleza maisha ya mtu mmoja wa Kenya ambaye jina lake lilijulikana dunia nzima, halafu akafa angali kijana, hajatimiza hata miaka 27. Ni Robert Napunyi Wangila. Tumemchagua yeye kwa sababu mbili. Ya kwanza: hapa kwetu ku Kikula vijana ni wengi ambao jioni, masomo ikiisha, wanajizoeza ngumi, karate, judo na kachi. Wengine wako na mwalimu, wengine wanajifundisha wenyewe nyuma ya nyumba. Wote wanatafuta kitu kimoja: nguvu. Sababu ya pili: watu wanapenda kusimulia ushindi wa bingwa, lakini mwisho wake wanaufunika. Sisi tutasimulia yote mawili, juu mafundisho iko pande zote mbili.

KUZALIWA KWAKE NA NCHI YAKE

Wangila alizaliwa Nairobi, tarehe 3 Septemba 1967. Kenya ilikuwa haijatimiza miaka minne tangu kupata uhuru wake. Mtoto huyu alizaliwa katika nchi ambayo ilikuwa tayari inapenda ngumi sana. Polisi walikuwa na timu yao, askari wa jeshi yao, wafanyakazi wa reli yao, hata walinzi wa gereza yao. Ni sawa vile hapa Katanga, siku za zamani, kampuni ya migodi ilisaidia timu za michezo za wafanyakazi na watoto wao. Mahali ambapo kazi na mchezo vinashikana mikono, wachezaji wanatokea.

Wakubwa walimtangulia. Philip Waruinge alileta medali ya shaba kutoka Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na kule alipewa kombe la Val Barker, ambalo lilikuwa linatolewa kwa mpiga ngumi mwenye ufundi kuwapita wote. Mwaka 1972, kule Munich, Waruinge akaleta fedha, na mwenzake Dick Murunga akaleta shaba kwa uzito uleule ambao baadaye ungekuwa wa Wangila. Kiisha pakawa na kimya. Mwaka 1976 Kenya haikushindana, pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini na urafiki wa mchezo ambao New Zealand ilikuwa nao. Mwaka 1980 haikwenda Moscow. Mwaka 1984, kule Los Angeles, Ibrahim Bilali akapata shaba. Ni kusema: shaba ilipatikana, fedha ilipatikana, lakini dhahabu ya ngumi hakuna Mkenya aliyekuwa ameishika mkononi.

NGUVU YA MPIGA NGUMI INATOKA WAPI?

Kabla ya kuendelea tusimame hapa kidogo, juu ya swali ambalo vijana wanauliza kila siku. Wangila alijulikana kwa ngumi nzito. Aliyepigwa naye sawasawa hakusimama vizuri. Basi uzito ule unatoka wapi? Wengi wanafikiri unatoka katika mkono, na kwa sababu hiyo wanafanya mapompe asubuhi na jioni hata mikono inatetemeka, wanatazama misuli yao katika kioo, wanafurahi.

Kumbe ngumi inaanzia chini. Mguu wa nyuma unasukuma udongo, kisigino kinageuka, kiuno kinageuka, bega linafuata, na mkono ni wa mwisho, sawa vile ncha ya fimbo. Mtu ambaye miguu yake ni dhaifu, hata akiwa na mkono mnene kama shina la mwembe, ngumi yake ni nyepesi. Tena nguvu peke yake haitoshi: lazima iwe na mbio. Mkono uliokazwa toka mwanzo unachelewa. Mkono unaolegea njiani na kukazwa wakati wa kufika tu, ndio unaoangusha.

Kwa hiyo wapiga ngumi wa kweli wanakimbia asubuhi, wanaruka kamba, wanachuchumaa na kusimama, wanakaza tumbo na mgongo, wanafanyisha shingo kazi. Vyombo vya bei kali si vya lazima. Bidoni ya litri 20 ikijaa maji ni kilo 20, na wengi wetu tunaibeba kila siku toka mfereji hadi nyumbani. Anayeibeba mgongo ukiwa umenyooka, akibadilisha mkono njiani, anajenga mwili wake pasipo kulipa kitu. Anayeinama ovyo na kuivuta upande mmoja tu, anajiharibu mgongo.

Na tena, misuli haikui wakati wa kazi. Wakati wa kazi inachoka. Inakua wakati wa kulala na kula. Kijana anayejizoeza kwa nguvu siku saba kwa juma, tena analala saa sita za usiku na kuamka saa kumi na moja, anabomoa nyumba ambayo anataka kuijenga. Siku tatu za mazoezi makali kwa juma, na siku ya kupumzika katikati, zinamtosha mwanafunzi. Bukari na maharagi, na ndagala zikipatikana, ni chakula kizuri kwa mwili wa mazoezi. Dawa za kunenepesha misuli ambazo watu wanauza kwa siri, hapana kugusa hata kidogo.

NJIA YA KWENDA SEOUL

Mwezi wa Agosti 1987 Michezo ya Afrika ilifanyika Nairobi, mji wake mwenyewe. Wangila, akiwa hajatimiza miaka 20, akashinda medali ya dhahabu katika uzito wa kilo 67. Mtu anayeshinda nyumbani anapata furaha mbili, lakini pia anapata mzigo, kwa maana tangu siku ile watu wote wanamtazama.

Mwaka wa 1988 akachaguliwa kwenda Seoul, Korea ya Kusini. Siku zile mapigano ya Olimpiki yalikuwa ya raundi tatu, kila raundi dakika tatu, na wapiganaji walivaa kofia ya kulinda kichwa. Jumla ni dakika tisa. Mtu ambaye hajawahi kupigana anaweza kufikiri kwamba dakika tisa ni kitu kidogo. Ajaribu kupiga gunia la mchanga kwa dakika tatu tu pasipo kusimama, kiisha atuambie.

Michezo ile ya Seoul ilikuwa na fujo mingi katika ngumi. Mkorea mmoja, Byun Jung-il, aliposhindwa hakukubali. Alikaa ulingoni dakika 67, hata wenye mahali wakazima taa na kumwacha katika giza. Siku nyingine Mmarekani Roy Jones alipigana vizuri sana katika fainali, lakini waamuzi wakampa ushindi mpinzani wake wa Korea. Dunia nzima ikashangaa, na waamuzi wale wakaondolewa kazini. Ni kusema: ushindi wa pointi ulikuwa mikononi mwa watu, na watu wanaweza kukosea au kupotoka.

Wangila alipita katikati ya fujo ile. Katika nusu fainali mpinzani wake, Jan Dydak wa Poland, hakuweza kuingia ulingoni, na Wangila akapita. Katika fainali alikutana na Laurent Boudouani wa Ufaransa. Huyu hakuwa mtu mdogo: miaka iliyofuata, mwaka 1996, Boudouani alikuwa bingwa wa dunia wa ngumi za malipo. Raundi ya kwanza ikaisha. Katika raundi ya pili Wangila akampiga, Boudouani akaanguka, na mashindano yakaisha palepale. Hapakuwa na kazi tena kwa waamuzi wa pointi.

Mtoto wa Nairobi, mwenye miaka 21, akasimama juu na wimbo wa taifa lake ukaimbwa. Afrika Kusini ilikuwa imepata dhahabu za ngumi miaka ya zamani, wakati timu yake ilikuwa ya wazungu peke yao. Lakini kati ya Waafrika weusi waliopigania nchi za bara letu, Wangila ndiye wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki katika ngumi. Mwenzake Chris Sande akapata shaba katika michezo ileile. Na mpaka baada ya Michezo ya Paris ya mwaka 2024, dhahabu nyingine zote za Kenya katika Olimpiki zimetoka katika riadha. Ile ya Wangila iko peke yake.

NGUMI ZA MALIPO

Baada ya Seoul, Wangila alihamia Marekani kupigana kwa malipo. Tusimhukumu kwa hilo. Medali hailishi mtu, na mwili wa mpiga ngumi ni shamba lenye msimu mfupi. Waafrika wengi walifuata njia ile. Hata sisi watu wa Katanga tuko na wetu: Sumbu Kalambay, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1956, alikwenda Italia, na mwaka 1987 akawa bingwa wa dunia kwa kumshinda Mmarekani Iran Barkley.

Lakini ngumi za malipo si mchezo uleule. Hakuna kofia ya kulinda kichwa. Raundi si tatu tena. Ni 8, ni 10, katika mashindano ya ubingwa wa dunia ni 12. Zamani zilikuwa 15. Zilipunguzwa baada ya Mkorea Kim Duk-koo kupigana Las Vegas mwezi wa Novemba 1982, kuanguka katika raundi ya 14 na kufa siku chache baadaye. Ile ya 12 iliandikwa kwa damu ya mtu.

Katika maisha hayo mapya Wangila alishinda zaidi ya mara 20, na mara nyingi kwa kumwangusha mpinzani. Lakini alishindwa pia mara kadhaa, na ubingwa wa dunia hakuupata. Ngumi yake nzito iliyomaliza kazi ndani ya dakika chache kule Seoul, sasa ilikutana na watu waliojua kungoja, kukimbia, kurudi, na kumchosha. Watu wa Kongo tunalijua jambo hili kuliko wengine, juu lilifanyika kwetu: tarehe 30 Oktoba 1974, kule Kinshasa, George Foreman alikuwa na ngumi nzito kuliko Muhammad Ali. Ali akaegemea kamba, akamwacha apige mpaka achoke, na katika raundi ya nane akamwangusha. Mwenye nguvu alishindwa na mwenye kujua kungoja.

USIKU WA TAREHE 22 JULAI 1994

Siku hiyo Wangila alipigana Las Vegas na Mmarekani David Gonzales. Pambano lilikuwa gumu. Katika raundi ya tisa mwamuzi aliona kwamba Wangila anapigwa mno, akaingia kati na kusimamisha pambano. Wangila hakukubali. Alikuwa amesimama kwa miguu yake, alikuwa anasema, aliona anaweza kuendelea. Akamlalamikia mwamuzi kwa nguvu.

Halafu akaenda katika chumba cha kuvalia. Huko akaanguka, akapoteza fahamu. Wakamkimbiza hospitali, waganga wakampasua kichwa ili kutoa damu iliyokusanyika ndani. Hakuamka tena. Akafa tarehe 24 Julai 1994. Alikuwa na miaka 26.

Wengi wanauliza: namna gani mtu anayesimama na kusema anakufa muda mfupi baadaye? Jibu ni hili. Ubongo ni kitu laini, na unakaa ndani ya mfupa mgumu. Kati ya ubongo na mfupa kuna mishipa midogo ya damu. Kichwa kikipigwa na kutikisika kwa nguvu, ubongo unachelewa nyuma ya mfupa, na mishipa ile inaweza kukatika. Damu inavuja pole pole. Mwanzoni mtu anajisikia sawa. Anatembea, anajibu, pengine anacheka. Lakini nafasi ndani ya mfupa ni ndogo. Damu inapozidi, inaugandamiza ubongo, na mtu anaanguka. Kwa hiyo neno la mpiganaji mwenyewe kwamba yuko mzima si ushahidi. Ubongo uliojeruhiwa ndio unaoulizwa kama umejeruhiwa. Je, utajibu nini?

Mwamuzi wa usiku ule hakumnyima Wangila ushindi. Alijaribu kumwokoa, lakini jeraha lilikuwa limekwisha kuingia.

TUCHUKUE NINI KATIKA MAISHA HAYA?

Ya kwanza, tumheshimu. Kuna watu ambao wakisikia mwisho wake wanasema, basi ngumi ni upumbavu, na Wangila alikuwa mpumbavu. Sisi hatusemi vile. Alichukua mwili aliopewa, akaufanyisha kazi kwa uvumilivu toka ujana, akafanya jambo ambalo hakuna Mkenya mwingine wa ngumi aliyelifanya mbele yake wala nyuma yake. Kijana wa Kikula ambaye anaamka kabla ya jua na kukimbia, badala ya kukaa njiani na kuvuta bangi, anafuata jambo zuri.

Ya pili, tujue moyo wa mpiganaji ni nini. Vijana wanafikiri moyo ni kutokubali kushindwa. Hiyo ni nusu yake. Moyo uleule usiokubali kushindwa ndio uliomwinua Wangila kule Seoul, na ndio uliolalamika kule Las Vegas. Haukubadilika, ni mambo yaliyobadilika. Nusu nyingine ya moyo ni kutii: kumtii mwalimu anaposema leo inatosha, kumtii mwamuzi anaposema simama, hata kama unaona amekosea. Mjapani Kano Jigoro, aliyeanzisha judo mwaka 1882 na aliyekuwa pia mkubwa wa masomo kwa miaka mingi, aliwafundisha wanafunzi wake kuanguka vizuri kabla ya kuangusha wengine. Na anayebanwa katika judo anapiga mkono chini au mwilini mwa mwenzake, na mwenzake anamwachilia mara moja. Hakuna anayemcheka. Kesho wanacheza tena. Asiyejua kupiga mkono chini, huyo hajajua judo.

Ya tatu ni ya kazi, na tunaomba kila mmoja aishike. Katika mazoezi hapana kupiga kichwa kama mwalimu hayuko. Ufundi wote wa miguu, wa kiuno na wa mkono unaweza kujifunzwa kwa gunia, kwa kivuli, na kwa kugusana pole pole. Mwenzenu akipigwa kichwani, au akianguka vibaya akicheza mpira, mazoezi yake ya siku ile yamekwisha, hata akisema yuko sawa. Mtazameni kwa siku ile na usiku wake. Kama kichwa kinazidi kuuma, kama anatapika, kama anachanganya maneno, kama usingizi unamlemea pasipo sababu, kama upande mmoja wa mwili unalegea, au mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko ya pili, msimwache alale eti ataamka mzima. Mwambieni mwalimu, waambieni wazazi, apelekwe hospitali mara moja. Msiogope kugombezwa juu mlikuwa mnapigana pasipo ruhusa. Na asirudi katika mazoezi mpaka mganga aruhusu. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona linaweza kuua.

Na waalimu wetu tunawaomba neno moja, kwa heshima yote. Mwanafunzi akija kusema kwamba mwenzake ameumia katika mapigano, aangaliwe kwanza aliyeumia. Adhabu itangoja. Pale adhabu inapotangulia, watoto wanajifunza kuficha, na jeraha la kichwa halipendi kufichwa.

Wangila alikufa miaka mingi kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Medali yake ingali imeandikwa katika vitabu vya Olimpiki. Wazee wa Nairobi wangali wanamtaja wakisimulia raundi ile ya pili ya Seoul. Sisi wa Kikula tuitaje pia raundi ile ya tisa, kusudi vijana wetu wakue na nguvu, na wazeeke nayo.

Ni hayo tu, wapendwa. Anayejua bingwa mwingine ambaye maisha yake yanafaa kusimuliwa humu, atuletee karatasi yake kabla ya mwisho wa mwezi.